Tatu za Mbele Bukavu, Tatu za Nyuma Fizi

Nimeiona video yenu. Asanteni kwa kunikalisha juani niitazame mara ya pili, maana ya kwanza hamkuridhika na mshangao wangu. Injini ya silinda sita, zote zimepangwa mstari mmoja kama wanakwaya, na ubavuni kabureta tatu zinang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Mzungu anakanyaga mafuta, injini inanguruma, nanyi mnapiga makofi kana kwamba petroli ile imetoka mfukoni mwenu. Halafu mkanigeukia: "Mzee Byamungu, tumuwekee Bwana Msukwa zile kabureta zake tatu, si ziko tu kwenye sanduku?"

Nimeamua kuwajibu kwa maandishi. Kwa mdomo hamnisikilizi. Mnangoja nivute pumzi ili mseme "lakini mzee". Karatasi haina lakini.

Bwana Msukwa mnamjua. Ni yule mstaafu anayekuja hapa kambini Dzaleka na gari la kijivu la zamani, lile mnaloliosha bila kuombwa ili mpate kukaa kwenye usukani. Lina kabureta mbili. Mnadhani lilizaliwa hivyo na kwamba mimi, kwa uzee, nimesahau kuliendeleza. Ukweli ni kwamba tatu nilishaziweka. Nilikuwa na akili kama yenu, na nywele.

Tuanze na somo, kwa sababu wengine mnashika bisibisi kabla ya kujua kinachozungushwa. Kabureta ni mpishi: anachanganya hewa na petroli, anapeleka mezani. Injini ya sita kwa mstari ni benchi refu lenye watoto sita. Ukiweka sufuria moja ya nsima, ugali wa hapa, katikati, wa katikati wananenepa na wa pembeni wanalamba vidole. Hiyo ni kabureta moja. Fungua buji, ambazo mafundi wa Malawi huziita plagi, utaona za katikati nyeusi kwa kushiba na za mwisho nyeupe kwa njaa. Ukiweka sufuria mbili, kila moja inalisha watatu. Ukiweka tatu, kila moja inalisha wawili. Na zile za video yenu, tatu zenye koo mbilimbili, zinampa kila mtoto sahani yake. Ukizichora, hakuna kitu cha haki zaidi duniani. Mimi nilimaliza sekondari. Nilijua kuchora injini kabla sijawahi kuchafua kucha, na mchoro haujawahi kunikatalia kuwaka.

Aliyenichafua kucha ni marehemu Mzee Cirhuza, kule Bukavu, milimani mwa Kongo. Gereji yake ilikuwa kwenye mteremko, gari lisilowaka lilisukumwa kuelekea ziwani, na kama halikuwaka kabla ya kufika chini, lilikuwa shida ya watu wa chini. Alinifundisha mambo mengi kwa kofi na jambo moja kwa upole. Kuna kabureta zenye sindano ndani, inayopanda na kushuka kwenye tundu la petroli. Sindano nene inabana, petroli inapita kidogo. Nyembamba inaachia. Akaniambia, "Mutoto, huku kwetu juu hewa iko kidogo. Petroli nayo iwe kidogo. Tia sindano nene, usisahau."

Sikusahau. Tatizo lote lilianzia hapo.

Wenzangu walipokimbia walibeba vyeti, Biblia, sufuria. Mimi nilifika Malawi na mke wangu Mama Espérance, watoto, na sindano nene ndani ya soksi. Nilikimbia na mlima wangu.

Wilondja hamkumjua sawasawa, nanyi ndio mliopata hasara. Alitoka Baraka, upande wa Fizi, chini kabisa kando ya Ziwa Tanganyika, ambako alitengeneza malori ya samaki. Kule chini hewa ni nzito, kwa hiyo kwake sindano ilikuwa nyembamba na petroli ilipita kama mvua kwenye bati bovu. Aliimba besi kanisani na alibishana kwa besi. Tulikutana hapa kambini, tukagundua kwamba kila mmoja anamwona mwenzake hajui kitu, tukaamua kufanya kazi pamoja. Sijui mnaanzishaje ushirika siku hizi. Sisi tulianza hivyo.

Bwana Msukwa ndiye aliyetupa kiwanja nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Area 25, mjini Lilongwe. Alikuwa amestaafu kutoka ofisi za serikali za Capital Hill. Ni mtu wa Karonga, ujanani aliishi Mbeya, na Kiswahili chake alikipiga pasi asubuhi pamoja na shati. Wilondja alikuwa akikaa wima anapokisikia. Siku moja alituita kwenye kivuli cha ukuta, akavua miwani.

"Mafundi, gari hili ni la marehemu baba yangu. Binti yangu Tamanda anaolewa kule ziwani, Salima. Nataka ashuke kanisani kutoka kwenye gari la babu yake. Likimpeleka na kumrudisha salama, kiwanja hiki ni chenu maadamu ninaishi. Likimwacha njiani, nitampa muuza mbao. Amekwisha kuniomba, nami nimemwambia asubiri."

Muuza mbao alikuwa anasubiri kwa bidii. Kila wiki alipita kukipima kiwanja kwa hatua, akitusalimu kwa adabu zote, kisha akisimama juu ya vifaa vyetu kana kwamba hapo ndipo msumeno wake utakaa. Kwetu sisi kiwanja kile kilikuwa kila kitu. Familia mbili zilikula hapo, na watoto walisoma shule za hapo jirani. Tukikipoteza, tulikuwa tunarudi Dzaleka kupanga foleni ya chakula na kusimuliana jinsi tulivyokuwa mafundi.

Sasa, kabureta ngapi? Ile ya asili ilikuwa moja, imekufa. Wilondja akasema twende na moja tena, kubwa, ya lori.

"Moja inatosha. Lori ya samaki iko inabeba tani na moja tu. Hii iko inabeba bibi arusi. Atakuwa na uzito gani?"

"We unataka kumupeleka mutoto wa boss na kabureta ya samaki?" nikamjibu. "Kwetu Bukavu nilionaga gari ya mashindano, ilikuwa na tatu."

"Na ilishinda?"

"Ilikuwa na tatu."

Kaka yake Bwana Msukwa alikuwa ameleta kabureta tatu za koo mbili kutoka Johannesburg, mpya, kila moja imefungwa kwa karatasi kama chungwa. Nikazifunga. Nilipoziwasha, zikinguruma taratibu gari likiwa limesimama, majirani walitoka nje. Mama mmoja alijifunga kitenge upya kwa heshima. Nilisimama pembeni na kitambaa begani, kama mtu aliyefanikiwa, asiyehitaji kujieleza.

Tukatoka barabarani. Hadi njia panda ya soko ya Area 25 nilikuwa mtu mkubwa. Pale Bwana Msukwa alisimama kupisha kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, yenye magunia, kisha akakanyaga mafuta aondoke. Injini ikavuta pumzi, ikafikiri, ikazima. Akawasha, akakanyaga, ikazima. Nyuma yetu minibasi ikapiga honi, konda akatoa kichwa dirishani. "Bambo, kankhani! Sukumeni hicho kitanda!" Tukasukuma. Muuza mbao alikuwa hapo sokoni, akaja akasukuma nasi. Alisukuma vizuri, mtu mwema.

Hapa ndipo mnafika na video yenu, kwa hiyo chukueni kalamu. Koo pana halimnufaishi mtu anayekula polepole. Hewa ikipita kwenye koo pana kwa mwendo wa soko, inapita kivivu, petroli haigeuki mvuke, inadondoka matone kama pua ya mtoto. Mzungu wenu anakanyaga mpaka chini na barabara yake haina mbuzi. Ninyi kabla ya kuhesabu silinda, jiulizeni mguu wa dereva unafika chini mara ngapi kati ya nyumbani na aendako. Wa Bwana Msukwa haujafika tangu aliponunuliwa viatu. Tena kabureta tatu za namna ile zinakunywa, na mnajua wenyewe petroli ya nchi hii inavyopotea kila mtu anapopanga safari. Unaweza kuzipunguza koo kwa pete za ndani. Pete hizo hazikuwa kwenye sanduku. Nilichokuwa nacho ni kiburi, na hicho hakipunguzi koo.

Nikazifungua, nikazirudisha kwenye karatasi zake. Wilondja alinisaidia kuzifunga, moja baada ya nyingine, akiimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini.

Tukakubaliana mbili, za sindano, za ukubwa wa wastani. Sikukubali, nilichoka. Kule Lumbadzi, nje ya mji, nyuma ya duka moja, kulikuwa na gari la ukoo uleule limekufa, na chini ya boneti yake kuku wa mwenye gari walikuwa wanataga. Mwenyewe alikuwa mama muuza nyanya. Wilondja alimweleza shida yetu kwa Chichewa cha kuokoteza.

"Zikomo, asanteni, nimesikia," mama akasema. "Na kuku wangu atatagia wapi?"

"Mayi, tunachukua vyuma tu."

"Vyuma ndivyo vinavyomzuia mbwa."

Hakutaka kitu kingine. Tukarudi Area 25, Wilondja akaunda kibanda cha kuku kwa vipande vya mbao alivyopewa na muuza mbao, ambaye aliuliza mbao ni za nini, akaambiwa ni za kabureta, akatupa bila swali lingine. Tulipata kabureta mbili, manifoldi yake ya kuziunganisha na injini, na ruhusa ya kurudi tukihitaji kitu. Tulihitaji.

Kabla hamjanunua kabureta iliyolala na kuku, shikeni ile shafti inayogeuza kipepeo cha ndani, muitikise. Ikicheza, hewa ya wizi itapita pembeni yake na hakuna sindano duniani itakayowasaidia. Zetu zilicheza kidogo. Nikapeleka kwa mtu wa tonosi, ile mashine ya kukereza vyuma, akatia vikombe vipya vya shaba. Hilo nililifanya sawasawa, naomba mlikumbuke, maana mengine yanakuja.

Kabureta mbili, mafundi wawili. Mnaona hesabu inavyokwenda. Nilichukua ya mbele, inayolisha silinda ya kwanza hadi ya tatu. Wilondja akachukua ya nyuma, ya nne hadi ya sita. Hatukupanga; kila mtu alisimama upande wake wa injini na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Nikatoa soksi yangu. Nikatia sindano nene ya Bukavu. Yeye akasugua yake kwa msasa mpaka ikawa nyembamba, ya Fizi.

"Unaiua na njaa," akasema akichungulia upande wangu.

"Na we unaizamisha. Kwetu tunafanyaka hivi, na gari zinapanda mulima."

"Mulima iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha kwa bisibisi upande fulani wa Lilongwe. Hapakuwa na mlima. Kulikuwa na tenki la maji.

Tulifika hata kwenye kusawazisha sauti. Unachukua kipande cha bomba la mpira, mwisho mmoja sikioni, mwingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza hewa inavyovuma. Kisha unahamia ya pili, mpaka zote mbili zinavuma sauti moja. Ndipo unakaza kiungo kinachozifungua pamoja. Wilondja, kwa sikio la kwaya, aliliweza hilo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Hewa ikawa sawa kabisa. Kwa hiyo tulikuwa na injini inayopumua kwa sauti moja na kula nchi mbili tofauti. Gari likisimama huku injini inawaka, mwili wake wote ulitikisika kama mtu anayezuia kicheko. Bwana Msukwa akauliza kama hiyo ni kawaida. Tukajibu kwa pamoja kwamba ni kawaida. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana.

Akasema twende kulijaribu mpaka ziwani kabla ya harusi. Aliendesha yeye. Mimi mbele, Wilondja nyuma. Hata viti vilijua. Toka Lilongwe gari lilivuta, likitoa moshi mweusi kidogo, na mimi nikageuka kumwangalia Wilondja ili aone moshi wake. Kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea Salima. Kadiri tulivyoshuka, moshi ukapungua. Nyuma kule Wilondja akaanza kuimba. Na mbele, chini ya miguu yangu, nikasikia kitu kama punje za mahindi kwenye kikaango.

"Byamungu," Wilondja akasema, "unasikia?"

"Ni mawe ya barabara."

"Barabara iko na lami."

"Ni mawe chini ya lami."

Huo ndio upumbavu wangu, nauandika kwa herufi zinazosomeka. Kushuka ni kwenda kwenye hewa nzito. Hewa nzito inataka petroli zaidi. Sindano yangu, iliyobana petroli kwa ajili ya Bukavu, ilikuwa tayari inaitia injini njaa hata pale Lilongwe. Na petroli ya hapa imechanganywa na spiriti ya miwa, ambayo nayo inataka tundu lililo wazi zaidi. Injini yenye njaa haipoi. Inawaka moto ndani, inagonga, kisha inatafuta mahali pa kutokea. Sindano ya Wilondja, iliyokuwa mbaya Lilongwe, kila kona tuliyoshuka ilizidi kuwa na akili. Ile injini ilikuwa inaelekea kwao. Kwetu haikuwa inaelekea.

Ikalia paa, moja tu. Gari likalegea. Tukafungua boneti: pistoni ya pili ilikuwa imetoboka, moshi ulipanda kupitia mdomo wa oili. Nikachomoa waya wa buji yake, tukasogea polepole hadi ziwani, tukiyumba, silinda mbili za mbele zikijikokota na tatu za nyuma zikifanya kazi ya wote.

"Hapana kuhuzunika," Wilondja akaniambia kutoka nyuma. "Fizi iko inavuta Bukavu. Tumezoea."

Bwana Msukwa alicheka? Hakucheka. Alishuka, akatembea mpaka kwenye mchanga, akasimama na viatu vyake vya ofisini. Aliporudi alisema kwa Kiswahili kile kilichonyooka, "Nilidhani nimewapa gari mafundi wawili. Naona nimewapa mafundi wawili kabureta mojamoja. Harusi haitasogezwa. Muuza mbao anajua tarehe."

Tukarudi Lumbadzi, kwa mama wa nyanya, kuomba pistoni. Kuku alikuwa amekataa kibanda. Alitagia nje, na mama alitupokea na habari hiyo kabla ya salamu. Tukarekebisha mlango, tukapewa pistoni. Tukafungua injini, tukatoa ile iliyotoboka, tukasafisha, tukafunga. Hapo kwenye kufunga ndipo tulipogombana ugomvi wa kweli, ule wa kutotazamana. Nilitaka mbele nitie sindano nyembamba kidogo, kidogo tu, ili isionekane kwamba nimekubali. Wilondja akasema ya nyuma ataiacha vilevile ilivyo.

"Ya kwako inajaza masizi," nikamwambia. "Ukiwa mjini iko inakohoa kama mgonjwa."

"Ya kwako inatoboa."

"Kama unajua sana, shika ya mbele basi!"

"Nashika. Na we shika ya nyuma, tuone."

Akanipita, akasimama upande wangu. Nami nikaenda wake, kwa hasira, na tulipofika tu tukagundua hatuwezi kurudi bila aibu.

Vijana, hilo ndilo jambo pekee la busara lililofanyika kwenye gari lile, na lilifanywa na wazee wawili waliokasirika. Kwa sababu sasa, kama ningetia sindano ya Bukavu kwenye kabureta yake na ikaharibika, angeimba habari hiyo kanisani. Naye akiiharibu yangu, nilikuwa na majirani wa kuwaeleza. Kila mmoja akafanya kazi kama mtu aliyebeba sahani za jirani. Hakuna aliyesema "kwetu". Tulitia sindano, tukaenda barabara ya uwanja wa ndege, tukakanyaga kwa muda, tukazima ghafla gari likiwa bado linakimbia, tukafungua buji papo hapo. Hivyo ndivyo buji inavyosomwa: usiirudishe nyumbani kwanza ikatulia, itakudanganya. Nyeupe, punguza unene wa sindano. Nyeusi, rudisha. Tulifungua na kufunga mpaka vidole vikatoka malengelenge, na jioni buji zote sita zilikuwa rangi moja, rangi ya chai yenye maziwa ya kutosha.

Wilondja alizipanga juu ya boneti, akaziangalia sana.

"Hii si ya Fizi," akasema.

"Wala ya Bukavu."

"Ndo ya wapi basi?"

Tuliacha petroli ya ziada kidogo kwa ajili ya kushuka ziwani, kwa sababu mtu akishatoboa pistoni moja huwa mcha Mungu.

Tamanda alifika kanisani Salima kwenye gari la babu yake, na alirudi Lilongwe nalo, kupanda kote kule, na bwana harusi na mashangazi waliokataa kubaki. Tulifuata nyuma kwenye minibasi, tukitazama bomba la moshi tu. Bibi harusi waliokuwa wanamwona ni watu wengine. Alipofika nyumbani alishuka, akapiga boneti makofi mawili kama mtu anayempongeza ng'ombe, akatuambia, "Mafundi, zikomo. Halikutikisika." Muuza mbao alikuwa kwenye karamu. Alikula vizuri, akatupa mikono ya pongezi, na wiki iliyofuata hakuja kupima.

Kwa hiyo kiwanja kilikuwa chetu maadamu Bwana Msukwa anaishi. Na Bwana Msukwa anaishi, mnamwona. Ila hakuna aliyekuwa amewaza kutuuliza sisi tutakaa mjini kwa muda gani. Serikali ikaamuru wakimbizi wote turudi kambini, tukarudi. Gari halikukwama, pistoni haikutoboka, buji zilikuwa rangi ya chai. Muuza mbao ndiye yuko pale sasa. Alitusaidia kupakia vifaa.

Halafu Wilondja akaitwa, yeye na familia, kwenda kuishi nchi ya baridi. Asubuhi ya kuondoka tulisimama pale yanapopakia mabasi, hapa Dzaleka, watu wanalia na kuomba. Nilikuwa na jambo moja la kumwambia. Kwamba siku ile ya kushuka alikuwa na haki, na kwamba peke yangu ningetoboa zote sita. Ni maneno machache. Nikamwambia avae soksi mbilimbili. Yeye akaniambia nisifungue ya mbele, nitaitoboa tena. Basi likaondoka. Huwa ananipigia simu. Tunazungumza habari za soksi.

Sasa mnajua kwa nini Bwana Msukwa akija na gari, natengeneza ya nyuma tu. Ananiambia kwa upole, "Fundi, ya mbele inakohoa asubuhi." Namwambia ni vumbi. Si vumbi. Nati ya sindano ya mbele, ile inayoongeza na kupunguza petroli, ilikazwa na Wilondja, na tangu aondoke petroli imebadilika, shaba imelika, gari limezeeka, na kile kipimo kilichokuwa sahihi sasa hakiko sahihi. Buji tatu za mbele zinaanza kuwa nyeupe. Nimeziona. Najua zinakoelekea, niliwahi kufika nazo mpaka ziwani. Nikiigeuza nati ile, mkono wangu utaipeleka Bukavu. Haujui njia nyingine unaponiponyoka. Na nisipoigeuza, itatoboka, na gari la yule babu litafia kwenye mikono ya mtu aliyekuwa anatunza heshima ya rafiki badala ya kulitunza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Zile tatu zibaki kwenye sanduku, zimefungwa kama machungwa, mziangalie Jumapili. Mbili zinatosha injini ile, barabara ile na mguu ule.

Ila Bwana Msukwa anakuja wiki ijayo. Ninyi mmezaliwa hapa Dzaleka. Nimewasikia mkilalamikia hilo, na sina la kuwafariji. Lakini hamjawahi kutia sindano mahali pengine popote, hamna mlima ndani ya soksi wala ziwa, na mkifungua buji mtaona rangi tu. Ya mbele ni yenu. Njooni na bisibisi safi, mfungue nati ya Wilondja taratibu, imeshika. Mimi nitakaa upande wa nyuma, na nikianza kusema "kwetu", nipeni bomba la mpira nisikilize.